Vidonge Katika Pindo la Kanga

Nyumbani kwetu Kigogo neno presha lilikuwa la utani kabla halijawa la ugonjwa. Mpangaji akidaiwa kodi, ana presha. Simba na Yanga zikicheza na zimebaki dakika tano, mtaa mzima una presha. Basi Novemba 2023 bibi yangu, mzaa mama, akarudi kutoka zahanati na pakiti mbili za vidonge, akaziweka juu ya kabati karibu na redio, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyepokea barua ya wito: "Haya, na mimi ninayo."

Ndugu msomaji, najua kurasa hizi tumezizoea kwa mapenzi ya vyuoni na mashairi ya kukata tamaa. Mimi mwenyewe nina hadithi ya upelelezi iliyokwama sura ya tatu: maiti ipo gesti, muuaji hajulikani. Lakini kesi niliyoikuta nyumbani iliizidi ile ya daftarini. Mshtakiwa alikuwepo, vidonge vya presha. Mlalamikaji alikuwepo, macho mawili ya bibi. Na hukumu ikikosewa anayekwenda ni bibi mwenyewe, mwanamke anayeniita "mume wangu" na kunifokea kama mke kweli nisipokula nyumbani.

Bibi ana miaka 68. Anachoma vitumbua tangu mama yangu yuko darasa la kwanza, saa kumi na moja alfajiri, uani, kwa kuni na mkaa, uso wake hauko mbali na moto hata mkono mmoja. Kidonge cha kwanza alichopewa kilikuwa amlodipini ya miligramu 5. Cha pili kilikuwa haidroklorothiazaidi, ambayo mtaani tunaiita dawa ya kukojoza, maana kazi yake ni kuziamuru figo zitoe chumvi na maji. Alimeza miezi miwili bila neno, zaidi ya kulalamika kwamba ile ya pili inamfanya alinde choo kama askari.

Ndipo ikaja Januari 2024. Nadhani mnaikumbuka. Macho mekundu yaliikumba Dar es Salaam. Konda wa daladala anakudai nauli kavaa miwani ya jua saa mbili usiku. Watu tukaogopana hata kupeana mikono. Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni kirusi, na kwamba kinahama kwa majimaji ya macho, kwa mikono, kwa taulo za kuchangia. Kwenye nyumba yetu alianza fundi simu wa chumba cha mwisho, wakafuata watoto, akafuata mama, akamalizia bibi. Kila aliyepita uani alikuwa na tiba yake: huyu maji ya chumvi, huyu chai ya rangi, huyu maziwa ya mzazi. Wizara ikasema acheni hayo, watu wakayaendeleza kimya kimya. Baada ya wiki mbili hivi nyumba nzima ilikuwa imepona, isipokuwa bibi.

Tongotongo zile nzito ziliisha. Uvimbe ulipungua. Lakini macho yalibaki mekundu pembeni, yanachoma, na machozi yanamtoka tu hata akicheka. "Mchanga," aliniambia. "Kama nimelala ufukweni na upepo unavuma." Kisha akanipigia hesabu kwa vidole. Miaka 68 bila dawa, macho mazima. Miezi miwili ya dawa, macho mabovu. "Sasa mume wangu, hesabu hiyo mpaka mtu aende chuo?"

Hesabu hiyo aliipeleka zahanati. Nilikuwepo. Alimwuliza kijana wa koti jeupe kwa adabu zote: "Mwanangu, hivi hizi dawa haziwezi kuwa ndizo zinazoniharibu macho?" Kijana hakuinua kichwa kwenye daftari lake. Foleni ilikuwa imefika nje. "Hapana bibi. Endelea kumeza." Maneno manne.

Bibi akaitika, "Haya baba," akainuka. Na tangu siku hiyo hakumeza tena.

Alitufichia. Kila asubuhi alichukua vidonge vyake viwili, akanywa glasi nzima ya maji mbele yetu, akafuta mdomo kwa kanga. Mwishoni mwa Februari mama alikuwa analoweka nguo akagusa fundo gumu katika pindo la kanga. Akalifungua. Ndani mlikuwa na uji mweupe wa vidonge vilivyoloana. Mama alikaa chini pale pale kando ya beseni. Jioni tukampeleka bibi duka la dawa lenye mashine ya kupimia. Ikasoma 196 kwa 112. Muuzaji akasema tumpumzishe kidogo, akapima tena, namba hazikushuka.

"Mama, unataka kutufia?" mama alimwuliza njiani.

"Nataka kuona," bibi akajibu. "Nikifa mtanizika. Nikipofuka, nani atageuza vitumbua?"

Jibu hilo lilininyima usingizi. Ni rahisi kumwita mtu kama huyo mzee mkaidi. Lakini bibi alikuwa ameweka vitu viwili kwenye mizani, macho na uhai, akachagua kama mtu mzima mwenye akili zake. Kama hesabu ilikuwa na kasoro, hakuna aliyekuwa amekaa naye kumwonyesha ilipo. Alikuwa amepewa maneno manne tu.

Nikaanza na karatasi iliyomo ndani ya boksi. Si mnaijua: imekunjwa mara nane, herufi kama sisimizi, Kiingereza kitupu. Nikakaa nayo na kamusi. Katikati ya orodha ndefu ya amlodipini nikalikuta neno konjaktivaitisi, na majirani zake: maumivu ya jicho, kuona vitu viwili viwili, kuona vibaya. Moyo ukaruka. Kumbe bibi kashinda kesi!

Halafu nikarudi juu kusoma kichwa cha orodha, maana wakili mzuri hasomi mstari mmoja. Maelezo ya dawa hiyo yaliyoidhinishwa Marekani yanasema hayo ni mambo yaliyowapata watu chini ya 1 katika kila 100, lakini zaidi ya 1 katika kila 1,000, na kwamba haijulikani kwa hakika kama dawa ndiyo iliyoyaleta. Yaani dawa inapojaribiwa, kila kinachomtokea anayeimeza kinaandikwa, kiwe cha dawa, kiwe cha dunia. Wahenga walishasema, jogoo awike asiwike kutakucha. Jogoo yumo katika orodha ya mambo yanayotokea kabla ya jua kuchomoza, lakini hajawahi kulivuta jua kwa kamba. Na bibi je? Vidonge vilikuja Novemba, kirusi kikaja Januari. Jogoo wa Novemba akashtakiwa kwa jua la Januari.

Lakini neno lenyewe lilinisumbua kuliko asilimia zake. Konjaktivaitisi maana yake ni kwamba ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho umewaka: umevimba na kuwa mwekundu. Haisemi nani kauwasha. Anaweza kuwa kirusi, bakteria, vumbi, moshi, aleji, au ukavu. Washukiwa wengi, rangi moja. Kwenye Kiswahili chetu cha uani wote tunawaita "ugonjwa wa macho", na tukisema ugonjwa wa macho tunamaanisha wa kuambukizwa. Nikimtafsiria bibi vibaya, nampa hati ya kuvitupa vidonge. Nikilificha neno, nafanana na yule kijana wa daftari. Sisi tunaopenda kuandika tunasema maneno yana nguvu. Usiku ule niliona nguvu hiyo kwa macho, bwana. Neno moja, na nyuma yake mtu mwenye 196.

Asubuhi nikamwambia hivi: "Bibi, karatasi inasema wapo watu wachache waliomeza dawa hii macho yao yakawa mekundu. Haisemi dawa ndiyo iliyofanya. Wala haisemi siyo."

Akanyamaza kidogo, akageuza kitumbua. "Hiyo sasa ni karatasi ya kweli," akasema. "Yule kijana alisema hapana."

Nilitaka kujua jambo moja zaidi: je, imewahi kutokea kidonge cha presha kikaharibu macho ya watu kweli kweli? Nikamwuliza mshikaji wangu anayesomea ufamasia. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akasema, "Imewahi."

Dawa hiyo iliitwa praktololi. Iliingia sokoni Uingereza mwaka 1970, ikitengenezwa na kampuni ya ICI na kuuzwa kwa jina la Eraldin, kwa wagonjwa wa moyo na wa presha. Ni ya ukoo unaoitwa beta bloka, ukoo ule ule wa atenololi na propranololi ambazo hata hapa zinajulikana. Majaribio ya wanyama hayakuwa yameonyesha tatizo hilo. Baadaye wagonjwa wakaanza kulalamika: macho mekundu, yanachoma, kama yana mchanga. Machozi yakawakauka, utando wa jicho ukafanya makovu, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Mwaka 1975 daktari wa macho wa hospitali ya Moorfields, London, Peter Wright, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza akiunganisha macho hayo na dawa hiyo. Kufikia 1976 vidonge vyake vilikuwa vimeondolewa katika matumizi ya kawaida.

Sikilizeni na hili. Tangu 1964 Uingereza ilikuwa na kadi ya njano, fomu ambayo daktari anaijaza akiona dawa imemdhuru mgonjwa. Kabla ya taarifa za praktololi kuchapishwa, kadi zilizotaja macho zilikuwa chache mno. Baada ya kuchapishwa, zikamiminika. Macho ya watu hayakuanza kuharibika siku makala ilipotoka. Siku hiyo yalianza kuhesabiwa. Wagonjwa walikuwa wamesema siku nyingi. Ilibidi apatikane mtu wa kusikiliza, kuandika, kisha kulinganisha.

Nilipomsimulia bibi, aliuliza jambo moja tu: "Walisema mchanga?"

"Walisema mchanga."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mimi na Wazungu," akasema.

Ikabidi nimwambie pia kwamba yeye hajawahi kumeza praktololi, na kwamba ndugu zake wanaotumika leo hawajaonekana kufanya makovu ya namna ile, ingawa kwa baadhi ya watu wanaweza kupunguza machozi. Na hapo kwenye machozi ndipo kesi yetu ilipohamia.

Machozi si maji matupu. Juu yana utando wa mafuta unaozuia yasikauke, katikati maji, chini ute unaoyafanya yashikamane na jicho. Ndani yake mna walinzi. Mmoja anaitwa laisozaimu, na aliyemweleza ni Alexander Fleming mwaka 1922, miaka sita kabla hajaigundua penisilini. Fleming alihitaji machozi mengi ya kuchunguza, basi akawa anajikamulia limao machoni, yeye na wenzake wa maabara. Alikuta machozi yanayeyusha aina fulani za bakteria. Kwa hiyo jicho linalokosa machozi mazuri limepunguziwa askari. Kidonge hakimleti mdudu, lakini kikikausha jicho kinaweza kuacha mlango wazi, na hata mdudu asipoingia, jicho litawaka na kufanana kabisa na lenye mdudu.

Je, dawa za presha zinakausha macho? Baadhi, kwa baadhi ya watu. Katika mji wa Beaver Dam, jimbo la Wisconsin, Marekani, wazee walifuatiliwa macho yao kwa miaka mingi, na matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha ukavu wa macho zaidi kwa wanaotumia dawa za kukojoza. Hiyo nayo si hukumu, maana mtu anayepewa dawa hizo mara nyingi ana umri na maradhi mengine. Lakini ni sababu ya kutosha ya mgonjwa kuuliza na daktari kuinua kichwa.

Bibi alinikatalia palepale. "We mtoto, machozi yananitiririka, wewe unaniambia jicho kavu?"

Swali zuri. Jicho likikauka linawasha, na likiwasha mwili unamwaga maji ya dharura, mengi, mepesi, yasiyokaa. Nilihangaika kulieleza hilo mpaka akanisaidia mwenyewe, maana kakulia shamba, Handeni. "Aa," akasema, "kama mvua ya kwanza kwenye ardhi iliyokakamaa. Inapita juu tu, chini kukavu." Ndivyo hasa. Sijasoma kitabu chenye maelezo bora kuliko hayo.

Machi tukampeleka kwa muuguzi wa macho, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Jirani mmoja alikuwa ameshatutisha kwamba bibi ana "presha ya macho", ndiyo maana vidonge vinagombana nayo. Neno letu presha limebeba mizigo miwili: presha ya damu, na ile ya ndani ya jicho inayoitwa glakoma. Ni magonjwa tofauti, na vidonge vya ile ya kwanza si tiba ya hii ya pili. Muuguzi alipima, akakuta jicho la bibi halina presha hiyo.

Halafu akauliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Unapika kwa nini? Unalala na feni? Unapaka wanja, na wanja huo unachangia na nani? Unameza dawa gani, tangu lini? Bibi alijibu yote, pamoja na habari ya pindo la kanga. Muuguzi hakumfokea. Akamtia tone la rangi ya machungwa, akawasha taa ya buluu, akatuonyesha madoadoa juu ya kioo cha jicho: sehemu zilizokauka. Matundu ya mafuta kwenye kingo za kope yalikuwa yameziba. Maambukizi hayakuwepo tena. Kirusi kilishaondoka zamani. Kilichobaki ni ukavu, moshi wa miaka na miaka, na labda mkono wa dawa ya kukojoza.

Kisha akachukua kitochi chake akaangalia nyuma ya jicho, akakawia. Akatueleza taratibu. Mle ndani mishipa midogo ya damu imeanza kuwa myembamba, na pembeni kuna doa dogo la damu. Hilo si la moshi wala la kidonge. Ni la presha yenyewe.

"Bibi," akasema, "ulikuwa unaacha dawa ili uokoe macho?"

"Ndiyo."

"Basi huku nyuma ndiko yanakoharibika usipomeza."

Jicho ndilo mahali ambapo daktari anaweza kuiona mishipa ya damu kwa macho bila kumpasua mtu. Mwaka 1939, kabla hazijapatikana dawa za presha zinazofaa, madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwapanga wagonjwa wa presha katika makundi manne, na moja ya mambo waliyoyatazama ni nyuma ya jicho. Wa kundi la kwanza, 70 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Wa kundi la nne, ambao neva ya jicho ilikuwa imevimba, walibaki 6. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimfikiria bibi akifunga fundo lake kila asubuhi. Na hayuko peke yake: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wanne katika kila watano wenye presha hawapati tiba ya kutosha. Wangapi wameacha kwa sababu ya swali lililojibiwa kwa maneno manne?

Bibi alipewa machozi ya dukani, matone ya kulainisha. Akaambiwa akande kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Fundi simu na mimi tukalihamisha jiko nje ya ukuta, upepo unakotoka nyuma yake na kuupeleka moshi mbali na uso. Hospitalini daktari aliusikiliza mkasa wote, akairudisha amlodipini, akaiondoa ile ya kukojoza na kumpa losartani badala yake, akasema turudi tuone. Mwezi Mei mashine ilisoma 142 kwa 86. Macho yametulia. Mchanga upo siku za vumbi tu.

Kilichoyatuliza ni kipi? Matone? Kitambaa? Jiko? Kubadilishiwa kidonge? Tulifanya yote kwa mpigo, kwa hiyo hakuna ajuaye. Mpelelezi wa hadithini angechukia: kesi imefungwa na mwenye hatia hajatajwa. Mimi nimeanza kuridhika nayo. Dawa ya kukojoza naiweka pale ilipo, mshukiwa asiyethibitika, na nimejifunza kuishi na neno "labda". Bibi naye kaishi nalo vizuri kuliko alivyoishi na "hapana".

Niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, herufi kubwa, nikaubandika juu ya kabati. Unasema: Dawa ya presha usiiache kimya kimya; nyingine zikikatwa ghafla presha inaruka juu. Doa jekundu la damu kwenye weupe wa jicho, lisilouma na lisilo na tongotongo, mara nyingi ni kimshipa kimepasuka, si ugonjwa wa kuambukizwa, kapime presha. Ukianza dawa ya kukojoza, jicho likauma ghafla na kuona kukafifia, usisubiri kesho. Ukimeza enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, kope, midomo au ulimi vikavimba, kimbia hospitali sasa hivi. Sisi watu weusi hutupata zaidi kuliko wengine. Macho yakichoma, mwambie daktari majina ya dawa zako zote, na asipoinua kichwa, rudia. Na mgonjwa mwenyewe anaweza kutoa taarifa ya madhara ya dawa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hiyo ndiyo kadi ya njano ya kwetu.

Washikaji wa kijiweni walinicheka: mwandishi kageuka mganga. Lakini niambieni, ninyi mnaotuma hadithi zenu humu, ni kitabu gani kimeingia nyumba nyingi za mji huu kuliko kile kikaratasi kilichokunjwa mara nane? Kimo kwenye kila boksi, kinahusu uhai wa msomaji, na msomaji hakielewi. Tunalalamika hatuna wasomaji. Wapo, wamekaa barazani na maboksi mapajani.

Ukurasa wangu umeshanakiliwa mara tatu. Jumamosi iliyopita alikuja mzee anayeuza mkaa mtaa wa pili, kavaa kanzu safi kama mtu anayekwenda ofisini, boksi la enalaprili mkononi. Ana kikohozi kikavu wiki ya sita sasa, na nyumbani wameshaanza kumtengea kikombe wakidhani ni TB. Nikampa kiti. Nikaikunjua karatasi, tukaanza mstari wa kwanza.